Salamu chini ya bawa

Saa 1 asubuhi, maegesho ya ndege ndogo, uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Jua halijakolea na mabawa bado yana umande. Rubani anaikagua ndege kabla ya kuruka, ameinama chini ya bawa la kushoto la Cessna 172S, kikombe cha kupimia mafuta mkononi, keshapima vali 2, zile za kutolea mafuta kidogo kuona kama yana maji. Anapita mtu anayemfahamu, tena aliyemzidi umri. "Salaam aleikum, kapteni." Hapa Pwani salamu haiitikiwi kwa kutikisa kichwa. Ataitika, ataulizwa za nyumbani, naye atauliza za watoto na za yule mzee aliyelazwa juzi, kisha litafuata lile swali lisilokosekana: "Leo wenda wapi, Lamu?" Dakika 2, pengine 3. Mpita njia akishakwenda zake, rubani anageukia bawa. Vali ngapi zimebaki?

Bawa moja la 172S lina vali 5, na chini ya tumbo la ndege ziko nyingine 3. Jumla ni 13. Za zamani kama 172N zina moja kila bawa na moja ya kichujio karibu na injini, basi. Anayezihesabu 13 kila asubuhi hazihesabu kweli. Mkono wake unazijua. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu mkono haukumbuki nambari. Mkono hukumbuka kwamba baada ya hiki huja kile. Ukishaondolewa pale, uzi umekatika, na macho yatakuanzishia kazi popote yatakapotua kwanza. Mara nyingi yatatua mbele ya bawa, kwenye tairi au kwenye bomba la pito, lile linalopokea upepo wa mbele kwa ajili ya saa ya mwendo, mahali panapoonekana vizuri ukiwa umesimama wima. Zile vali 3 zilizobaki ziko chini, huzioni mpaka uiname tena.

Kuna na ubaya wa pili. Ulikusudia kupima vali zote, na kusudio likishakaa kichwani huanza kufanana na kumbukumbu. Ulipima jana, ulipima juzi, kwa mkono huu huu na kikombe hiki hiki. Ukijiuliza "nimepima?", kichwa kitakuletea picha safi kabisa ya mafuta ya buluu ndani ya kikombe. Picha ni ya kweli. Ila ni ya jana.

Kwenye ndege kubwa jambo hili lilitungiwa sheria. Tangu 1981 Marekani inawakataza marubani wa mashirika mazungumzo yasiyohusu kazi wakati ndege inapotembea ardhini, inapopaa, inapotua na inapokuwa chini ya futi 10,000. Lakini sheria hiyo inaanza kufanya kazi ndege ikishaondoka maegeshoni. Rubani aliye chini ya bawa na kikombe mkononi haimfikii, na wa ndege ndogo ya binafsi haimhusu hata akiwa angani. Ulinzi wake ni ule atakaojiwekea mwenyewe.

Wanaokukatiza kazi kwa kelele si tatizo kubwa, maana unajua umekatizwa. Hatari ni wale wenye haki na wewe. Mtu wa mafuta amemaliza kujaza na anataka sahihi, lori linasubiriwa kwingine. Fundi anataka kukwambia kitu kuhusu breki, nawe unataka kukisikia. Abiria ni mama mtu mzima mwenye mkoba na kasha la samaki, amesimama juani, anauliza kwa upole, "Mwanangu, hili niliweke wapi?" Simu ya mwenye ndege. Hakuna hata mmoja hapo wa kumfukuza, na kila mmoja ana jambo la kweli.

Basi kanuni inayofaa ni hii: kabla hujainua uso kumwitikia mtu, kilichomo mkononi mwako ama kimalize, ama kirudishe kilivyokuwa kabla hujakigusa. Usikiache katikati kikafanana na kilichokamilika. Karibu kila kisa kibaya cha ukaguzi wa ndege ndogo kina kitu kilichoachwa nusu kikaonekana kizima.

Tazama kifuniko cha tangi. Umepanda ngazi, umefungua, umetumbukiza kijiti, umesoma kiasi. Mtu anaita. Unakirudisha kifuniko mahali pake, hukukaza, unashuka. Ukiwa chini kifuniko kipo, kimekaa sawa, hata rangi yake inaonekana. Juu ya bawa hewa ina msukumo mdogo kuliko ndani ya tangi. Ndege ikishapaa kifuniko kilicholegea huachia mafuta yanyonywe nje, na kwa kuwa bawa liko juu ya kichwa chako, ukiwa ndani huoni kitu. Abiria wa nyuma huenda akaona utepe wa unyevu kwenye ukingo wa nyuma wa bawa akadhani ni mvua. Kwa hiyo ukiitwa ukiwa juu ya ngazi, kikaze kabisa, au kiache wazi, kimelala kando ya tundu, mnyororo wake ukining'inia. Wazi kabisa ni salama kuliko kuegeshwa, kwa maana kilicho wazi kitakuita chenyewe.

Kijiti cha oili ni vivyo hivyo. Injini ya 172S hubeba kwati 8 zikijaa (kwati 1 ni karibu lita 1), na chini ya 5 hairuki. Simu ikilia ukiwa umekishika kijiti, mkono utatafuta pa kukiweka, na pa karibu ni palepale kilipotoka. Kinaingia, hakikazwi, kimlango kinafungwa juu yake, na kuanzia hapo hakuna jicho litakalokiona tena hadi oili ianze kupakaa kioo cha mbele. Wengine nao hukaza kwa nguvu zote, na injini ikishapata moto inabidi watafute koleo kukifungua. Kaza kwa vidole tu, lakini kaza, halafu ndiyo upokee simu. Bora zaidi simu iwe kwenye mkoba, tena imezimwa mlio. Mwenye ndege atapiga tena.

Halafu kuna fimbo ya kukokotea, ile inayonaswa kwenye gurudumu la mbele, wengi huiita towba. Rangi yake ni nyekundu au ya machungwa na bado huachwa. Umeivuta ndege mita 4 kuitoa kwenye kivuli, mtu amekusalimu, umeiachia fimbo ikalala chini. Ukishapanda ndani pua ya ndege inaificha. Ukiwasha injini propela inaigonga, na propela iliyogonga chuma haiishii kunyooshwa: injini nayo huvuliwa ikakaguliwa ndani, ndege ikalala gereji wiki kadhaa. Wanaojua wana desturi moja isiyo na mjadala. Mkono hauachii towba mpaka towba iwe imetoka kwenye gurudumu. Kama lazima uende mahali, nenda nayo. Utaonekana kichekesho ukimsalimia mtu na fimbo begani, lakini hilo halina gharama.

Upande wa mafuta yenyewe sahihi ya mtu wa lori huja na hesabu, na hesabu ndiyo kitu kinachovunjika haraka kuliko vyote. Hapa mafuta huuzwa kwa lita, saa za mafuta za Cessna nyingi husoma galoni za Marekani. Galoni 1 ni lita 3.785. Matangi ya 172S hubeba galoni 56, zinazotumika ni 53, yaani kama lita 200. Lita 100 ulizotia ni galoni 26 na kidogo. Ukifanya hesabu hiyo umesimama, huku unasikiliza habari za mpira, ni rahisi kugawanya kwa 4 ukaridhika, au kusoma lita kana kwamba ni galoni. Andika lita kwenye kiganja ukipenda, tia sahihi, mwache aende, kisha ukae ukokotoe. Na aina ya mafuta isomwe kwenye lori lenyewe kabla bomba halijafunguliwa. Avgasi 100LL, petroli ya ndege za injini za pistoni kama hii, ni ya buluu. Mafuta ya jeti hayana rangi au yana umanjano kidogo, na injini ya pistoni haidumu nayo. Yakichanganyika, buluu hupauka tu, haipotei, kwa hiyo jicho lenye haraka hudanganyika. Tone kwenye karatasi nyeupe litasema zaidi, kwani avgasi hukauka ikaondoka na ya jeti huacha doa la mafuta.

Maji nayo Mombasa ni jambo la kila siku. Kaskazi au kusi, hewa ina unyevu, tangi lililolala nusu hutoa jasho ndani usiku kucha, na masika yakianza Aprili, mpira wa kifuniko uliochakaa hupitisha mvua. Maji ni mazito kuliko avgasi, hukaa chini, na kikombeni huonekana kama shanga inayotembea. Lakini kikombe kikijaa maji matupu hakuna shanga, hakuna mstari, kuna kioevu safi kinachometa. Aliyekatizwa, anayetafuta "shanga" kwa nusu ya akili, atakimwaga na kuendelea. Kiinue dhidi ya kitu cheupe utafute buluu, na unuse. Kama macho yako yalikuwa kwa mtu wakati unatazama kikombe, hukukitazama. Mwaga, pima tena.

Chumvi ndiyo inayoleta mtego mwingine wa huku kwetu. Ndege inayoegeshwa karibu na bahari huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, la sivyo alumini huanza kuota unga mweupe kwenye maungio. Anayeosha huziba kwa utepe tundu dogo la hewa tulivu lililo ubavuni, linalozipa saa za urefu na mwendo msukumo wa hewa ya nje, maji yasiingie. Kwenye 172 liko kushoto, mbele ya mlango, dogo kama kichwa cha msumari. Utepe ukisahaulika, ndege hupaa vizuri tu, kisha saa ya urefu inabaki ilipokuwa ardhini, ya kupanda na kushuka inasoma sifuri, na ya mwendo inasoma pungufu kadiri unavyopanda. Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú, Boeing 757, iliondoka Lima usiku ikiwa na matundu hayo yamezibwa kwa utepe baada ya kuoshwa. Watu 70 walikufa baharini. Ilipita mikononi mwa mafundi na machoni mwa wakaguzi. Utepe wa rangi ya bati juu ya bodi ya rangi ya bati hauonekani. Ukiosha, tumia wa rangi kali na uache mkia mrefu unaopepea. 172 nyingi zina vali ya kuvuta ya kufungulia hewa ya akiba kutoka ndani ya chumba. Ijue ilipo kabla hujaihitaji.

Bomba la pito, chini ya bawa la kushoto, lina adui wake: nyigu wajengao kwa udongo. Tundu ni la kipenyo wanachokipenda na hawahitaji wiki. Mwaka huo huo wa 1996, Februari, ndege ya Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata, watu 189 wakafa, na shaka kubwa ya wachunguzi ilikuwa kiota cha mdudu kwenye bomba lililokaa siku kadhaa bila kifuniko. Kwa hiyo kifuniko hutolewa mwisho, karibu na kuondoka, na kutolewa mwisho ndiko kunakokifanya kisahaulike, kwa sababu wakati huo ndipo abiria wanapofika. Pazibwe mbele tu na tundu la kutolea maji likabaki wazi, saa ya mwendo hushuka hadi sifuri. Pazibwe pote pawili, ndiyo mbaya zaidi: mwendo utaongezeka kadiri unavyopanda, rubani atavuta pua juu kuupunguza, na ndege itaishiwa nguvu ya kuelea huku saa ikisema unakimbia. Njia ya kulinasa tatizo hili ardhini ni kutazama saa ya mwendo mapema ndege inapokimbia kupaa. Sindano isipoamka, punguza nguvu, simama. Njia za Moi ni ndefu, mita utabaki nazo.

Kufuli ya usukani yahitaji neno lake. Ile ya kiwandani kwenye Cessna ni pini yenye bati linalofunika mahali pa ufunguo, usiweze kuwasha bila kuitoa. Pini hupotea, na badala yake watu hutia msumari au bolti. Bolti hufunga sawasawa, ila haina bati, haina utepe mwekundu, na imejificha kwenye nguzo ya usukani penye giza. Ukikatizwa wakati wa kupanda, utawasha, utatembea, na pasipo kujaribu usukani utafika mwanzo wa njia. Kujaribu kwenyewe hakuhitaji sekunde 10: shika usukani vidole gumba vikiwa juu, zungusha kushoto, gumba linakoelekea, eleroni ya upande huo, kile kibao kinachochezacheza nyuma ya bawa, ndiyo inayopanda. Rudia kulia, kisha vuta na sukuma hadi mwisho. Mei 2014, huko Bedford, Marekani, ndege ya Gulfstream yenye marubani 2 wazoefu ilikimbia kupaa ikiwa na kufuli. Watu 7 walikufa. Kumbukumbu za chombo zilionyesha kwamba katika safari 175 za nyuma marubani wale walifanya jaribio kamili kwa nadra sana. Hapo hapakuwa na mpita njia wa kulaumiwa.

Tairi, breki, taa, rangi: vina dosari zinazoonekana na macho ya kawaida huzikuta. Sivipuuzi, lakini havipotei kwa salamu.

Sasa, mtu akikatizwa arudie wapi? Wapo wanaosema rudi nyuma hatua 3. Ni shauri zuri kwa orodha inayosomwa ndani, si zuri sana kwa mzunguko wa nje, kwa sababu aliyesahau alikuwa wapi hawezi kuhesabu 3 kutoka hapo. Ugawe mzunguko kwa pembe: ndani, mkia, bawa la kulia, pua, bawa la kushoto. Ukikatizwa, unaianza pembe uliyomo tangu mwanzo wake. Ukiondoka hata ndege isionekane, kwenda ofisini au chooni, unaanza yote. Hii inaudhi, hasa mchana wa Februari sakafu ya maegesho ikiwaka, na ndiyo maana inasaidia: baada ya mara 2 utaanza kuwaambia watu wasubiri.

Kibanio cha nguo ni kifaa kizuri sana hapa. Kibane kwenye orodha, kwenye mstari ulioufikia, ukisogeze kadiri unavyokwenda. Bei yake si kitu, na hakisahau.

Kusubirisha watu nako ni ufundi, si ukali. Mtu wa Mombasa ukimnyamazia umemkosea. Ukimwambia uko wapi atakuelewa. "Waleikum salaam, mzee wangu, niko kwenye mafuta, nimalize nije." Kidole kinabaki kwenye vali wakati unasema. Kwa yule mama: "Mama, nipe dakika 10, naja kukupokea mwenyewe." Na uende kweli, ukaubebe mkoba, uupime, kwa maana mzigo unaopakiwa na mtu mwingine ukiwa chini ya bawa ni mzigo usioujua uzito wake wala ulipowekwa. Abiria wakae ndani ya jengo mpaka uwaite. Wakisogea kupiga picha karibu na propela una kazi 2, ya kukagua na ya kuchunga.

Tena usigawane ukaguzi na mwenzio. Mwalimu anapima kulia, mwanafunzi kushoto, wakikutana puani kila mmoja anaamini oili ilikuwa ya mwingine. Mmoja azunguke pote, wa pili akitaka naye azunguke pote.

Haraka ya jioni ina sura yake. Jua letu huzama muda mfupi baada ya saa 12, giza halikawii, na viwanja vingi vidogo havina taa. Anayetaka kuwahi hujikatiza mwenyewe bila kusemeshwa na mtu: anapima oili huku anahesabu dakika. Ikifika hapo, amua kwanza. Kama muda hautoshi kwa mzunguko mzima, safari ni ya kesho.

Mwisho kabla ya kupanda kuna hesabu ya mkoba. Vyote vilivyofunikiwa na kufungiwa ndege hurudi sehemu moja: kufuli ya usukani 1, kifuniko cha pito 1, vizibo vya matundu ya hewa puani 2, kamba 3, mbao za magurudumu 2, towba 1. Ni 10. Fungua mlango wa mizigo uvihesabu kwa kidole, huku umenyamaza, abiria wameshakaa. Kisha simama hatua 5 mbele ya pua, mikono nyuma, uzunguke mara moja bila orodha, ukitafuta tu kilicho wazi, kilichofungwa kamba, au kinachoning'inia. Ukihesabu vikawa 9, usianze kuvihesabu upya. Nenda kwenye mkia ukaitazame ile kamba ya nyuma.